Akiimba, Anaumia

Nesi alipotoka na kusema mzee amefaulu mtihani, Poospah alijua mambo yameharibika.

"Amefaulu vipi?" akauliza.

"Vizuri mno, mama. Dakika kumi kamili juu ya mashine ya kutembea. Hakusimama, hakushika hata chuma. Kila dakika namuuliza mguu unauma, ananijibu hapana. Tena anatabasamu." Nesi huyo, Clothilde, alisema hayo na uso umejikunja, kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko haki yake.

Poospah akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Mumewe Devarajen, huyo anayesifiwa, alikuwa hawezi kutoka nyumbani kwao Grand Bois mpaka dukani kwa Bwana Li Kwong bila kusimama mara nne. Hakuwa akisema anasimama kwa sababu gani. Mara ya kwanza alisoma tangazo la msiba ukutani. Mara ya pili aliinama kufunga kamba za viatu, na siku nyingi alikuwa amevaa malapa. Mara ya tatu alitazama mawingu. Mara ya nne ilikuwa mlangoni kwa Li Kwong, ambapo aliuliza bei ya pasi. Kwa miaka miwili Devarajen alikuwa ameuliza bei ya pasi ile ile, mpaka Li Kwong akamwekea kando kwa huruma, akidhani jirani yake anadunduliza.

Mlango ukafunguka. Devarajen akatoka amenyooka kama mlingoti, uso umekuwa wa kijivu, akawasalimu wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi mmoja mmoja, akapitiliza chooni, akafunga mlango kwa komeo.

Kisha ndani ya choo mtu akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kumsifu Murugan, mungu wa Watamil, ule wa polepole, unaoimbwa puani bila kufungua mdomo.

"Mzee amefurahi," Clothilde akasema.

Poospah aliufahamu wimbo ule kuliko alivyozifahamu sufuria zake.

Daktari Peerbocus aliwaita ndani wote wawili. Alikuwa kijana mwenye masikio makubwa na sauti ya mtu aliyelelewa na bibi. Akawaonyesha picha ya mguu kwenye kioo cha kompyuta: mshipa mkubwa wa damu ukiteremka vizuri pajani, ukifika juu ya goti unakatika, kisha chini yake vijimshipa viwili vitatu vikihangaika kama maji ya kiangazi yanayotafuta njia kati ya mawe.

"Picha inasema mguu huu hauna damu ya kutembea dakika mbili," alisema. "Mashine inasema dakika kumi. Mmoja wao ananidanganya, na picha siijui kwa uongo."

"Mguu wangu mzima, daktari," Devarajen akasema. "Umeona mwenyewe. Nimefaulu."

"Umefaulu, mzee. Ndiyo shida yangu."

Akawaeleza tena, taratibu, kama ambaye ana siku nzima. Utafiti wake ulikuwa wa kiwavu, yaani wavu mdogo, chembamba kuliko uzi wa kushonea. Mshipa ukishatanuliwa kwa puto, kiwavu kinaachwa ndani kiushikilie usijifunge tena, na baada ya miaka michache kinayeyuka chenyewe kama peremende mdomoni. Nusu ya wagonjwa wangewekewa kiwavu, nusu wangetanuliwa kwa puto la kawaida, na kompyuta ndiyo ingechagua. Lakini karatasi za utafiti zilikuwa na masharti: anaingia yule tu ambaye maumivu yanamsimamisha kabla ya dakika tano, na vipimo viwe viwili, siku mbili tofauti. Cha pili kilikuwa Alhamisi. Nafasi zilibaki mbili.

"Na asipoingia?" Poospah akauliza.

"Atarudi kwenye foleni ya kawaida, mama. Mwaka, pengine na zaidi. Nisikufiche, miguu ya namna hii haina subira. Leo unauma akitembea. Kesho utauma amekaa. Halafu kinakuja kidonda, na kidonda kisichofikiwa na damu..."

Wote wawili walimfikiria kaka yake Devarajen, anayeshinda barazani kwake na mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Walipokuwa wanatoka, Clothilde alimkimbilia Poospah akampa nusu ya mkate wake wenye jibini, umefungwa kwenye karatasi. "Umekaa hapa tangu saa moja asubuhi, nimekuona," alisema. "Mpe na mzee kidogo. Ingawa yeye anashiba kwa kutabasamu."

*

"Mtihani ni wa kufaulu," Devarajen alisema walipofika nyumbani. "Tangu lini mtu akaenda kwenye mtihani ili ashindwe?"

Poospah alikuwa jikoni anakanda dengu zilizosagwa kwa ajili ya gato pima za kesho, zile bajia zake za pilipili za kuuza. Alizipiga zile dengu kama zimemtukana mama yake. "Nani amekwambia ni mtihani?"

Devarajen akatazama nje. Nje, kwenye kiti bora cha nyumba ile, alikuwa ameketi Goinsamy, kaka mkubwa wa Poospah, akila gato pima alizokuwa hajaalikwa kula.

"Mimi nilimshauri tu shemeji yangu," Goinsamy akasema. "Hospitali inataka watu imara. Dawa mpya hapewi legelege, akawafia mikononi. Ni kama jeshini. Nikamwambia, shemeji, wewe umebeba kavadi, mzigo wa nadhiri wa Murugan, miaka thelathini na mmoja, umetembea juu ya ndara za misumari, umetobolewa ulimi kwa sindano ya fedha, leo utashindwa na mkanda wa mpira unaozunguka?"

"Kaka," Poospah akasema, "ulipong'olewa jino ulizimia kwenye chumba cha kusubiri."

"Palikuwa na joto."

"Ilikuwa Julai."

Goinsamy akachukua gato pima nyingine ili mdomo uwe na kazi.

Poospah akanawa mikono, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe. Kwao mke hamwiti mume kwa jina, na miaka arobaini na mmoja hakuwahi kulitamka.

"Baba Selvina, sikiliza. Safari hii wanataka useme unaumia. Ni hilo tu. Mguu ukianza kuuma, unasema: naumia. Watasimamisha mashine, wataandika, utaingia, utatibiwa."

"Nitasema."

"Sema sasa nikusikie."

Devarajen akakohoa, akajiweka sawa. "Naumia," akasema, kwa sauti ile ile anayosemea habari za asubuhi.

"Umemsalimia nani?"

"Naumia."

"Hapo umemuuzia mtu gato pima. Jaribu tena."

Akajaribu. Akajaribu akiwa amesimama, akajaribu akiwa ameshika kigimbi. Neno lilitoka, lakini kila likitoka uso ulikuwa unatabasamu kwa adabu, kama anamwomba radhi mwenye nyumba. Poospah akamfinya mkono. Mzee akasema asante. Goinsamy akajitolea kumkanyaga kidole cha mguu, na kabla hajazuiwa alikuwa amekwisha kumkanyaga, kwa kilo zake tisini na nane. Devarajen akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kisha puani kukatoka Murugan, polepole, ubeti wa kwanza.

"Mnaona?" Goinsamy akasema kwa heshima kubwa. "Mtu wa Mungu huyu."

Poospah alicheka mpaka akaegemea mlango. Alicheka kwa kuwa lilikuwa la kuchekesha, na alicheka kwa kuwa Alhamisi ilikuwa keshokutwa na mtu huyu hakuwa na njia ya kusema naumia. Alikuwa hajafundishwa. Tangu ana miaka kumi na sita walimfundisha kinyume chake: maumivu ni sadaka, na sadaka haitangazwi. Mama yake alipofariki aliimba. Nyundo ilipomwangukia kidole gumba aliimba. Binti yao Selvina alipoolewa akahamia kisiwa cha Rodrigues, baba yake aliimba siku tatu, na majirani wakasema huyu anampenda sana mkwewe.

Na miaka miwili hii, njia nzima kutoka nyumbani mpaka kwa Li Kwong, Poospah alikuwa akimsikia.

*

Alhamisi, Poospah hakuruhusiwa kuingia chumba cha mashine. Ndugu wanasubiri nje, ndivyo ilivyoandikwa mlangoni. Akakaa kwenye benchi. Clothilde akampita, akamtazama, akaingia, na mlango akauacha wazi kiasi cha kiganja. Wapo watu ambao wema wao ni kusahau kufunga mlango.

Kupitia upenyo ule Poospah alimwona mumewe akipanda kwenye mkanda, kaptura ya hospitali imemfika magotini, miguu miwili myembamba, wa kulia umepauka kuliko wa kushoto. Mkanda ukaanza kuzunguka. Daktari Peerbocus alikuwa pembeni na ubao wa kuandikia.

"Mguu unaendeleaje, mzee?" Clothilde akauliza.

"Salama."

"Ukianza kuuma, tuambie."

"Nitawaambia."

Nusu dakika. Dakika. Devarajen alikaza macho ukutani, pale palipobandikwa picha ya matunda yanayofaa kwa moyo.

"Sasa je?"

"Kidogo." Akameza mate. "Si kitu."

"Tuandike kidogo?"

"Msiandike. Si kitu, dada. Endeleeni na kazi."

Tabasamu lile likapanda usoni. Kisha Poospah akausikia. Mwanzo ulikuwa mdogo kama mbu, ukachanganyika na mngurumo wa mashine, halafu ukajitokeza wenyewe: Murugan, polepole, puani.

Poospah akainuka. Alikuwa mwanamke ambaye maisha yake yote alisoma maandishi ya milangoni na kuyatii. Akausukuma mlango.

"Andika hapo," akasema. "Andika hapo hapo, daktari. Anaimba."

Daktari akageuka. "Mama, ndugu hawaruhusiwi..."

"Anaimba, baba. Mume wangu akiimba, anaumia. Akiimba puani namna hiyo, anaumia sana. Akifika ubeti wa pili, tafuteni kiti cha kumkalisha."

"Mama Selvina," Devarajen akasema bila kuacha kutembea, "unanitia aibu mbele za watu."

"Na wewe unanitia ujane."

Clothilde akaangalia karatasi, akamwangalia daktari, na mabega yakaanza kumtikisika. "Daktari, hapa pana kisanduku cha maumivu na kisanduku cha hakuna maumivu. Cha kuimba hakipo."

"Hata kingekuwepo," daktari akasema, naye akijitahidi kuuzuia mdomo wake usicheke, "lazima aseme mwenyewe. Haitoshi mama kusema." Akasogea karibu na mkanda, akawa anatembea pale pale alipo, hatua kwa hatua na mzee, kana kwamba wako njiani pamoja. "Mzee. Mimi bibi yangu wa Plaine Verte alifunga Ramadhani na homa, tukimuuliza anasema yuko salama. Tulimjua kwa kuwa alianza kupanga vijiko. Siku za homa kali vijiko vya nyumba nzima vilikuwa vimepangika. Nakuuliza kama ambavyo ningemuuliza yeye. Unaumia?"

Wimbo ukasimama. Mashine ikanguruma peke yake. Devarajen hakumtazama daktari, alimtazama mkewe, na tabasamu lile likaanza kuporomoka upande mmoja, kama hema lililochomolewa kigingi.

"Naumia," akasema.

Safari hii hakumsalimia mtu.

Clothilde akabonyeza, mkanda ukasimama. Dakika moja na sekunde hamsini. Wakamkalisha. Poospah akapiga magoti sakafuni akakishika kigimbi kile kwa mikono yote miwili, kigumu kama jiwe la kusagia na baridi kama limetoka kisimani.

"Tangu lini?" akauliza, ingawa alijua.

"Tangu Divali ya mwaka juzi."

"Na pasi?"

"Pasi siitaki," Devarajen akasema, machozi yakimtoka. "Sijawahi kuitaka ile pasi."

Hapo Clothilde akashindwa kabisa. Alikaa kwenye kiti cha daktari akacheka na faili usoni, Poospah naye akaambukizwa pale chini sakafuni, na mwisho mzee mwenyewe, anayelia, akaanza kucheka kwa kwikwi. Hakuna aliyemweleza daktari habari za pasi, lakini na yeye alicheka.

Alipopata pumzi akaandika kwa muda mrefu. "Kipimo cha kwanza hakihesabiki," alisema. "Na kosa ni letu. Tulimwambia ajitahidi kadiri ya uwezo wake. Mtu hamwambii mbeba kavadi maneno kama hayo. Nitawaandikia wakubwa wa utafiti hivyo hivyo, kwamba mgonjwa hakueleweshwa. Wakikubali, Jumatatu mnarudi kwa kipimo kingine. Mzee, Jumatatu utasema?"

"Nimekwisha kuanza," Devarajen akasema. "Ya pili si ngumu."

Wakubwa walikubali. Na Jumatatu alisema, kwenye dakika moja na sekunde arobaini na tano, kwa sauti kubwa hivi kwamba mgonjwa wa chumba cha pili aliitika pole.

*

Siku ya matibabu hawakumlaza usingizi. Walimchoma ganzi kwenye kinena, wakapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa, na kwenye kioo mzee aliuona unateremka pajani mwake kama mjusi mwenye adabu. Daktari Peerbocus, amevaa kofia iliyoshindwa kuficha masikio, aliwaambia wasaidizi wake jambo moja kabla hawajaanza: "Huyu akianza kuimba, nasimama. Nyote mmesikia?"

Hakuimba. Alisema naumia mara mbili na naona kiu mara moja, na baadaye Clothilde alimwambia Poospah kwamba kila alipolisema neno lile alitazama huku na huku, kama mtoto aliyejifunza kupiga mluzi.

Kama aliwekewa kiwavu au puto tupu, hakuambiwa. Angeambiwa baada ya mwaka. Jambo hilo lilimuudhi Goinsamy kuliko mtu yeyote.

"Mtu amewekewa kitu mwilini mwake mwenyewe, halafu ni siri?"

"Ndiyo utafiti, kaka," Clothilde alimwambia. "Akijua, atajisikia amepona kwa sababu ya kujua."

"Na wewe unajua?"

"Sijui. Nami sitaki kujua, nina uso usiotunza siri."

Goinsamy akatafakari. "Ni kiwavu," akasema. "Namjua shemeji yangu, ana bahati." Akatoa mfukoni mfuko wa matunda ya lichi alioununua kwa pesa zake mwenyewe, jambo ambalo Poospah hakuwa amelishuhudia tangu wakiwa wadogo, akauweka miguuni pa kitanda bila kumtazama mtu.

Asubuhi ya pili Poospah alifika wodini kabla chai haijapita. Devarajen alikuwa bado amelala. Akaingiza mkono chini ya shuka, kama alivyozoea kuingiza kila asubuhi kwa miaka miwili, kuufunika ule mguu wa kulia uliomgusa kitandani kama samaki aliyekufa. Akaushika. Akautoa mkono haraka. Akazunguka kitanda, akahesabu upande wa kulia na wa kushoto wa mumewe kwa kidole ili asikosee, akaingiza mkono tena.

Mguu ulikuwa wa moto kama mkate.

"Nani ananitekenya?" Devarajen akauliza bila kufumbua macho.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Mkono wangu. Kwenye unyayo. Umeusikia?"

Akafumbua jicho moja. "Mama Selvina, mimi ni mtu wa makamo, niko hospitali ya watu. Acha kunitekenya."

Poospah akamtekenya tena.

*

Waliteremka kwenye kituo cha Grand Bois saa nane mchana, mvua nyepesi imetoka kupita na mashamba ya chai yanang'aa. Daktari alikuwa ametoa amri: dawa kila siku, sigara asiione hata kwa mbali, na atembee, kila siku atembee, mpaka paanze kuuma, apumzike, atembee tena. Kavadi angebeba, mwezi ujao, ila mwaka huu bila misumari. "Murugan ana miaka mingi," daktari alisema. "Atasubiri."

Poospah alibeba mkoba na mfuko wa maganda ya lichi ambao Devarajen alikataa kuutupa hospitalini. Wakaanza kupanda. Walipita ukuta wa matangazo ya misiba, na wafu wa juma lile hawakupata msomaji. Walipita jiwe la kufungia kamba za viatu. Mawingu yalikuwepo, hakuna aliyeyatazama. Poospah alitembea kimya, masikio wima, akisikiliza kule kutosikia kitu, kama mtu wa nyumba ya mabati anavyosikiliza mvua iliyokatika.

Walipopita dukani, Li Kwong alitoka mbio na kitambaa mkononi.

"Jirani," akaita. "Leo hukuuliza bei."

"Leo nina haraka," Devarajen akasema.

"Nimekupunguzia. Nimekuwekea miaka miwili, chukua tu, utalipa pole pole." Na kweli alikuwa ameishika, pasi yenyewe, amekwisha kuifuta vumbi.

Devarajen akamtazama mkewe. Mkewe akatazama mashamba ya chai. Basi akaipokea pasi kwa mikono miwili, akamshukuru, kwa sababu ni vigumu kumwambia mtu aliyekutunzia kitu kwa wema miaka miwili kwamba ulikuwa unapumzisha mguu tu.

Wakaendelea kupanda, yeye na pasi yake kwapani. Ile nyumba ya bluu ambayo tangu mwaka juzi hawakuifikia bila kusimama, waliipita. Waliupita mfereji. Nusu ya mlima, pale unapoanza ukali, Devarajen akavuta pumzi ndefu, na puani mwake kukatoka Murugan, polepole, ubeti wa kwanza.

Poospah akadondosha mkoba na mfuko. Maganda ya lichi yakatawanyika njia nzima.

"Wapi?" Alikuwa amekwisha kumshika kiuno, amekwisha kuinama kwenye kigimbi. "Wapi panauma? Kaa. Kaa hapa. Nilijua tu, kiwavu kimekwisha kuyeyuka."

"Mama Selvina."

"Sema naumia. Umefundishwa, sema."

"Siumii popote."

"Usinidanganye, nimekusikia. Umeimba."

"Naimba tu," Devarajen akasema. Alikuwa kama anashangaa na yeye. "Nimeuona mlima, nikaimba."

Poospah akainuka taratibu, mkono kifuani. "Basi siku nyingine nionye mapema. Utaniua."

"Nianze tena?"

"Anza. Nikusikilize vizuri."

Akaanza tena. Ulikuwa wimbo ule ule, pua ile ile. Poospah akasikiliza ubeti mzima akitafuta tofauti, akiinamisha kichwa kama anayenusa mafuta yaliyochacha, na tofauti asiione. Akaacha kusikiliza. Akaokota mkoba wake, akayaacha maganda, akaitazama miguu.

Miguu ilikuwa inatembea.